Tulianza na Makanisa, Tukamalizia kwa Bibi

Wikiendi moja Dar es Salaam, kamera ya kuazima, na mchumba aliyezaliwa Kariakoo

MPENZI msomaji, hebu nikuulize kitu. Mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlitoka pamoja mkafanya jambo lisilohusu kula, kunywa wala kwenda kwenye harusi ya mtu, ilikuwa lini? Usijibu haraka. Mimi na mchumba wangu tulijiuliza swali hilo jioni moja tukiwa Dodoma, tukatazamana, kisha tukacheka. Jibu hatukuwa nalo.

Sote ni waajiriwa. Yeye ni mhasibu, mimi nashughulika na masuala ya wafanyakazi. Siku za kazi zinapita tukiongea kwa simu, wikiendi zinaishia kwenye vikao vya harusi, kwanza za wenzetu na sasa ya kwetu. Ndipo nikaja na wazo: twende Dar siku mbili, tusimwambie mtu yeyote wa kamati, tukapige picha majengo ya mji. Rafiki yangu wa ofisini ana kamera ya maana, akaniazima na lenzi zake mbili. Betri ilikuwa moja tu. Shika hilo neno, betri moja, tutalirudia.

Mwenzangu hakuonyesha ile furaha niliyoitegemea. "Majengo gani? Mimi Dar nimezaliwa na sijaona jengo la kupiga picha," alisema. Kwao ni Kariakoo, mtoto wa mjini kabisa. Mimi kwetu ni Moshi, na Dar niliyoijua ni ile ya enzi za chuo: Mlimani, Mwenge na Ubungo. Katikati ya mji nilikuwa napita tu nikikimbizana na daladala.

Treni ya Ijumaa

Tuseme ukweli, treni ya umeme imebadilisha mambo. Tangu safari za Dodoma zilipoanza mwaka 2024, unatoka kazini Ijumaa, unapanda, unasinzia kidogo, mara umefika. Zamani kwa basi siku nzima ilikuwa imeliwa. Stesheni ya Dar yenyewe ndiyo ilikuwa picha yangu ya kwanza. Jengo limesanifiwa kufuata umbo la jiwe la tanzanite, vioo vimekatwa pembepembe, na usiku taa zikiwaka unaweza kudhani limetua kutoka mahali pengine.

Tulichukua vyumba jirani na Mnazi Mmoja. Vyumba viwili, mama akisoma hapa asije akanipigia simu. Nilishangaa kidogo lakini. Mtu kwao ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, halafu analipia chumba? Nilipomuuliza alisema nyumbani kumejaa mizigo. Nikaona isiwe tabu.

Uso wa mji

Jumamosi saa 12:30 asubuhi tulikuwa Barabara ya Sokoine. Muda huo jua linatokea upande wa bahari, linapiga nyuso za majengo yanayotazama bandari, na joto la Dar bado halijaamka. Ukichelewa mpaka saa nne, mwanga unakuwa mkali, picha zinaungua na wewe mwenyewe unaungua.

Tulianzia Boma la Kale. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene hasa, na mlango wake ni wa nakshi kama ile ya Unguja. Lilijengwa kati ya mwaka 1866 na 1867, wakati Sultani Majid wa Zanzibar alipokuwa akiujenga mji huu, na lilikuwa la kupokelea wageni wake. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukapoa. Mbele kidogo ipo Atiman House, nayo ya miaka hiyo hiyo. Inabeba jina la Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na baadaye akawa tabibu wa wamisionari kule Karema, Ziwa Tanganyika. Nilikuwa nimepita mbele ya nyumba ile mara ngapi sijui, macho yangu yakiwa kwenye kituo cha basi.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo, na ndio waliotuachia ule uso wa mji unaouona kwenye kadi za posta. Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph, na mwendo mfupi kutoka hapo, kanisa la Kilutheri la Azania Front. Yote mawili yalianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1890. La Azania Front ndilo lililoniteka. Paa jekundu la vigae, kuta nyeupe, mnara wenye saa, na nyuma yake minara mipya ya vioo inayopita ghorofa 30. Ukichuchumaa ng'ambo ya barabara unaweza kuviweka vyote kwenye fremu moja. Nilichuchumaa hapo mpaka suruali ikachafuka.

Kisha tukapanda hadi Sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Imesimama hapo tangu mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Askari ameinama na bunduki yake, singe ikielekea bandarini. Nilimzunguka kama mara nne nikitafuta pembe nzuri bila bajaji kuingia kwenye picha. Mwenzangu alikuwa amesimama kivulini anaangalia simu. Kila nikimpa kamera anasema, "Piga wewe, unajua."

Mpaka hapo nilikuwa nimeshapiga zaidi ya mia. Mwenye kamera aliniambia piga nyingi, utachagua nyumbani. Nami nikatii, ile mbaya.

Mwaka wa jengo upo juu

Ukiacha ufukwe ukaingia mitaa ya Jamhuri, Indira Gandhi, Libya na Kisutu, mji unabadilisha sauti. Huku ndiko watu wazima wanakuita Uhindini. Chini duka, juu makazi, na katikati roshani yenye nguo zinazokauka. Ushauri wangu: acha kuangalia madirisha ya maduka, inua kichwa. Juu kabisa, kama kwenye paji la uso, majengo mengi ya kabla ya Uhuru yameandikwa mwaka yaliojengwa, na mengine jina la mwenyewe. Yale yaliyofuata, ya miaka ya 1950 na 1960, yana vizuia jua vya zege na matundu ya kupitisha upepo, maana waliochora walijua joto la hapa. Mmoja wao alikuwa Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye asili ya Goa, aliyefanya kazi ya usanifu katika mji huu kwa miongo mingi.

Kwenye kuta za Uhindini kuna hadithi nyingine isiyoandikwa juu. Mwaka 1971 serikali ilitunga sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ndizo zile "nyumba za Msajili" ambazo wazazi wetu walizitaja, na tangu mwaka 1990 ziko chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi ziliamka siku moja zikawa wapangaji ndani ya nyumba zilizojenga zenyewe. Nilimwambia mwenzangu hivyo tukiwa tumekaa kwenye benchi la muuza chai, tukila kachori. Akanijibu, "Nyumba ikitoka mkononi imetoka." Kisha akalipa, akasimama. Nilidhani ni uchovu.

Lakini si kila pengo la Uhindini ni la sheria. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Mwenzangu anaikumbuka siku ile. Anasema vumbi walikuwa bado wanaliongelea vibarazani wiki nzima baadaye.

Kuvuka Mnazi Mmoja

Wengi tunapita Mnazi Mmoja tukiiona ni bustani tu ya kupumzikia. Kumbe uwanja ule ulikuwa mpaka. Wakoloni waliugawa mji kwa kanda: Wazungu kule kwenye upepo wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na eneo la wazi likaachwa baina yao. Ukivuka leo kwa miguu na kamera mkononi bado unauona mgawanyo ule. Nyuma yako roshani, mbele yako mitaa iliyonyooka kama daftari la hesabu.

Jina la Kariakoo nalo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wale wale wanaokumbukwa na sanamu kule Samora. Pale mjini wana sanamu moja, huku wana mji mzima.

Tulisimama kwenye soko. Jengo hili la miaka ya 1970 ni kazi ya Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, na kwangu mimi ni miongoni mwa majengo bora kabisa nchini. Ameinua miamvuli mikubwa ya zege, watu wakae chini yake wauze na kununua kama walivyokuwa wakifanya chini ya miti. Julai 10, 2021 soko liliungua, na ukarabati mkubwa ukafuata. Nililipiga picha kutoka pembe sita. Ya saba kamera ikaniwashia alama nyekundu.

"Bado nyumbani," mwenzangu akasema taratibu.

Nyumba ya vyumba sita

Msomaji, kama umekulia pwani unaijua nyumba ya Kiswahili. Baraza ya saruji mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaopita mpaka nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto milango ikitazamana. Mwisho wa ukumbi ni uani: jiko, bafu, choo, kamba za nguo. Wenye nyumba wanakaa vyumba viwili, vinne vinapangishwa, na watoto wa vyumba vyote wanakuwa ndugu. Kariakoo nzima ilijaa nyumba hizo. Ya kwao sasa imebanwa na maghorofa pande zote mbili, kama mtoto aliyesimama kwenye foleni ya watu wazima. Bati limeota kutu. Machinga wamepanga viatu mpaka usawa wa baraza.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Karibu mke mwenzangu. Umemleta mume wetu?" Bibi yake ananiita hivyo tangu siku ya kwanza, maana mjukuu wa kiume kwake ni mume. Nikacheka, nikainama nikamkumbatia. Nilipoinuka ndipo nikaona ukumbini. Vyumba vya wapangaji vilikuwa vitupu, milango wazi. Mabegi, vyungu, godoro limefungwa kamba.

"Mnasafiri Bibi?"

"Tunahama mwisho wa mwezi, mwanangu. Nyumba imeuzwa." Akanitazama mimi, akamtazama mjukuu wake. "Hajakwambia?"

Hakuwa ameniambia. Nilisimama pale na kamera shingoni kama mtalii.

Nikafanya nilichojua kufanya, nikaomba nipige picha. Nilitoka nje kuichukua nyumba nzima kwa mbele, lakini mtaa mwembamba na mikokoteni haikuniruhusu kurudi nyuma. Bibi akanifuata. "Hiyo sura ya nini? Ilishapakwa rangi mara ngapi. Njoo hapa." Akanipeleka pembeni ya mlango, kwenye baraza. Ukutani palikuwa na doa jeusi, refu kama mtu aliyekaa. "Hapa nilikaanga vitumbua miaka na miaka, alfajiri mpaka asubuhi. Moshi huu ndio uliomsomesha baba mkwe wako."

Nikainua kamera, nikabonyeza. Kioo kikazima. Simu yangu nayo ilikuwa na chaji asilimia nne, ikatoa picha mbili na kuaga.

Maneno tuliyoyahitaji

Jioni tulirudi kwa miguu kimya. Tulipofika Mnazi Mmoja mwenzangu akakaa kwenye ukingo wa ukuta. "Leo umepiga picha mia mbili," alisema. "Kwetu umepiga mbili. Za simu."

Nami nikajibu kwa hasira, kwa nini alinificha? Hapo ndipo yalipotoka yote. Yeye ndiye aliyemshauri baba yake akubali. Ndugu ni sita, kila mmoja na mahitaji yake, mvua zikinyesha uani kunajaa maji, na mnunuzi hakuwa anabembeleza. Hesabu zilikuwa sahihi, yeye ni mhasibu bwana. Bibi atajengewa nyumba Chanika yenye uani wake. Lakini tangu watie sahihi hajaweza kulala pale. Na kulikuwa na jambo moja zaidi.

"Mchango wa baba kwenye harusi yetu," alisema, "unatoka humo."

Nilinyamaza muda mrefu. Niliwaza ukumbi tuliouchagua, mapambo, magari. Nikawaza lile doa. Sikumwambia kuwa amekosea kuuza, kwa sababu sidhani amekosea. Nyumba yenye warithi sita na bati bovu haiwezi kuishi kwa sifa za wapiga picha. Nilimwambia alikosea kuubeba mzigo ule peke yake huku mimi nikichagua rangi za vitambaa.

Jumapili tulikuwa tumepanga kwenda kuogelea Kigamboni. Hatukwenda. Betri ililala kwenye chaji, na saa moja asubuhi tulikuwa kwa Bibi. Safari hii kamera aliishika mwenzangu. Alipiga doa. Alipiga ukumbi kutoka mlangoni, mwanga wa uani ukiingia mwisho wake. Alipiga ndoano za vyandarua, kizingiti kilicholika katikati kwa miguu ya watu, ukuta wa chumba alichozaliwa. Mwisho akatuketisha barazani wake wenza wawili, Bibi kaweka khanga yake vizuri, akatuambia tusicheke. Tukacheka.

Kabla hatujaondoka Bibi aliuliza swali moja. "Hilo ghorofa litakalojengwa hapa, litasimama?" Hakuuliza kwa utani. Novemba 16, 2024 ghorofa lilianguka hapo hapo Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Mjukuu wake alisema, "Inshallah, Bibi." Hakuwa na jibu jingine.

Nyumba ilivunjwa mwezi uliofuata. Ilichukua siku mbili. Na sisi tulikata orodha ya wageni karibu nusu, tukabadili ukumbi, na sehemu ya pesa ile ikaenda kwenye jiko la Bibi kule Chanika. Kamati ilinung'unika kweli kweli. Zile picha za makanisa ni nzuri, watu wanazisifu. Lakini ningekuwa na siku ile tena ningeanza na Kariakoo, maana majengo mengi ya ufukweni yanalindwa kisheria na yatakuwepo nikirudi Desemba. Nyumba ya Bibi ilikuwa na wiki nne tu, nami sikujua kwa sababu sikuuliza.

Mkitaka kwenda wawili

- Anzeni na kile kisichoweza kusubiri. Ulizeni kwenu na kwa mwenzako: nyumba ipi inauzwa, ipi inabomolewa? Hiyo ndiyo ya kwanza.
- Asubuhi saa 12:30 hadi saa 3, na jioni kuanzia saa 10, ndio mwanga mzuri. Mchana kaeni kivulini mle.
- Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, mlango wake au biashara yake. Ikulu, majengo ya jeshi na polisi, na maeneo ya bandari msielekeze kamera kabisa.
- Vaeni viatu vya kutembelea. Kutoka Boma la Kale hadi Kariakoo ni mwendo wa miguu, na kwa gari hutaona kitu.
- Kariakoo kamba ya kamera izungushe mkononi, begi liwe mbele. Si uoga, ni akili.
- Beba betri mbili. Mimi nimeshajifunza.
- Mpokezane kamera. Utashangaa mwenzako anaona nini.